Dirty Dozen, Rebirth, Hot 8 au Treme: uanze na bendi ipi ya matarumbeta ya New Orleans?

Kama wewe ni mtu wa kucheza, anza na Rebirth. Kama ni mtu wa kuvaa hedifoni ukatulia usikie nani anapiga nini, anza na Dirty Dozen. Kama umekulia kwenye hiphop na jazi unaiona ni muziki wa wazee wa makoti, nenda Hot 8 moja kwa moja. Na kama unataka kujua hii kitu ilikuwaje kabla haijachanganywa na mambo mengine basi Treme Brass Band, tena hiyo mi naomba usiiruke hata kama utaisikiliza mwisho.

Hilo ndo jibu fupi. Maelezo yanakuja kwa sababu kila nikiona watu wanaulizana kuhusu hizi bendi unakuta mtu anatajiwa jina moja tu, mara nyingi Rebirth, anasikiliza nyimbo tatu anasema sawa nimeelewa, kumbe bado, maana bendi zote nne ni za mji mmoja, New Orleans kusini mwa Marekani, ala karibu zile zile, hata baadhi ya watu ni wale wale, lakini kila moja ilichukua muziki wa wazee ikaupeleka njia yake na ukisikiliza moja tu unakosa mambo mengi mno.

Kwanza tuelewane bendi yenyewe ikoje. Ni watu nane mpaka kumi hivi. Mbele kuna wapuliza tarumbeta wawili au watatu, tromboni mbili, na saksofoni moja au mbili, ile ambayo wapenzi wa dansi huku kwetu wanaiita mdomo wa bata. Nyuma yao ndo kazi yote inafanyika: susafoni, lile dude kubwa la shaba linalomzunguka mtu mwilini, linashika nafasi ya gitaa la besi, halafu ngoma mbili. Hawana drams za kukalia. Mmoja amejifunga ngoma kubwa kifuani ina toazi juu yake, toazi analigonga kwa bisibisi au waya wa kutundikia nguo, mwenzake ana snea, ile ngoma ndogo ya kulialia, na hao wawili kwa pamoja wanakuwa kama mpiga drams mmoja mwenye miguu inayotembea barabarani. Wote wanatembea. Hakuna spika, hakuna umeme, ni pumzi na mikono tu kwa saa kadhaa.

Mtu wa Dar aliyezoea matarumbeta ya harusini, yale yanayopanda gari la wazi na kuongoza msafara wa maharusi, hatapata shida kuelewa. Wa Moshi na Bukoba mnayo matarumbeta ya kanisani Kilutheri. Na pwani, Lamu na Mombasa, babu zetu walicheza beni tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, wakachukua sare na gwaride na tarumbeta za wazungu wakazigeuza ngoma ya mashindano ya mtaa kwa mtaa. Kwa hiyo wazo la kuchukua bendi ya kijeshi na kuifanya ya watu wa mtaani wenzetu wa New Orleans hawakulianza peke yao, ila wao jazi ilizaliwa pale pale, sasa unapata mchanganyiko ambao sisi hatukuupata.

Kule bendi inaishi kwa misiba na kwa vyama. Wakati wa kumsindikiza marehemu wanapiga nyimbo za kanisani taratibu mno, hatua moja, kituo, hatua nyingine. Wakishaachana na jeneza, snea inalia, biti inageuka, watu wanafungua miamvuli na kuanza kucheza. Bendi na familia na wanachama ndo mstari wa kwanza, watu wa mtaani wanaojiunga nyuma ndo wanaitwa sekondi laini, na jina hilo hilo limebaki kuwa jina la maandamano yenyewe na la biti pia. Vile vyama ukiviangalia ni vyama vya kufa na kuzikana kama vyetu kabisa, watu weusi walichangishana kwa ajili ya matibabu na mazishi, na mpaka leo kila chama kina Jumapili yake ya mwaka ya kutoka barabarani na bendi, wamevaa viatu na suti za rangi moja. Kwa hiyo unapolinganisha bendi hizi swali la kwanza ni je, huyu angeweza kuongoza mazishi asubuhi na sekondi laini mchana? Zote nne zinaweza. Tofauti iko kwenye walichoongeza.

Kufikia mwanzo wa miaka ya 70 hali ilikuwa mbaya, wapigaji walishazeeka na vijana wako kwenye soul na fanki. Mzee Danny Barker, mpiga banjo na gitaa ambaye aliwahi kupiga New York na bendi ya Cab Calloway kisha akarudi nyumbani 1965, akakusanya watoto kwenye kanisa la Fairview Baptist akawafundisha. Bendi ile ya watoto ikazaa bendi nyingine, ikazaa nyingine, na mwaka 1977 wakatokea Dirty Dozen.

Sasa Dirty Dozen. Hapa shika jina la Benny Jones, mpiga ngoma, mmoja wa walioianzisha, tutarudi kwake. Pamoja naye kulikuwa na Gregory Davis na Efrem Towns kwenye tarumbeta, Kevin Harris saksofoni ya tena, Roger Lewis saksofoni ya baritoni, na ndugu wawili, Charles Joseph wa tromboni na Kirk Joseph wa susafoni. Mwanzoni kazi zilikuwa chache, mazoezi mengi, na kwenye mazoezi kila mtu akaleta anachokipenda, ndo ikaingia bibopu, ile jazi ya kasi na ya kifundi ya kina Charlie Parker na Thelonious Monk, muziki ambao watu walikuwa wanausikiliza wamekaa klabuni kimya, hawa wakautoa nje wakaupiga mbio watu wakaucheza. Si wazee wote waliofurahi. Lakini wachezaji wa barabarani walipenda ile kasi, na ukiwa bendi ya New Orleans wachezaji wakikukubali kesi imeisha.

Ukitaka kusikia tofauti yao sikiliza susafoni. Zamani susafoni ilikuwa inaweka mguu sawa tu, tum, tum, noti mbili kila bari. Kirk Joseph akaifungulia, laini ndefu zinazopanda na kushuka kama gitaa la besi la bendi ya fanki, na hajapumzika, wimbo wa dakika saba anaupiga wote hivyo. Kila kijana aliyeshika susafoni New Orleans baada yake anatokea mlango huo. Halafu baritoni ya Roger Lewis inakoroma chini karibu na susafoni, kwa hiyo chini wako wawili wanajibizana, kitu ambacho Rebirth hawana na Hot 8 hawana, na kwa mtu wa hedifoni hapo ndo utamu ulipo.

Albamu zao za kuanzia ni ile ya kwanza ya 1984, My Feet Can't Fail Me Now, halafu ile ya laivu kutoka tamasha la Montreux iliyotoka 1986. Ya 1989, Voodoo, wana wageni akiwemo mpiga tarumbeta wa jazi Dizzy Gillespie, ni nzuri kwa mtu anayetoka kwenye jazi ya kawaida maana anasikia sauti anayoijua ikiwa imekaa juu ya ngoma asizozijua. Baadaye wakaanza kutumia drams za kukalia, gitaa, wakati mwingine kinanda, na hapo mi nasema wazi walipoteza kitu, mpiga drams mmoja hata awe fundi hawezi kufanya yale mabishano ya watu wawili waliosimama, mmoja ngoma kubwa mmoja snea. Ila kuna moja ya kipindi hicho lazima niitetee, Funeral for a Friend ya 2004, waliyomtolea Anthony Lacen, mpiga susafoni aliyejulikana kama Tuba Fats, aliyefariki Januari mwaka huo. Imepangwa kama msiba wenyewe, inaanza nzito na taratibu, inaishia na furaha, nyimbo za kanisani tupu. Yaani bendi iliyosifika kwa kuvunja mila ndo ikatoa albamu ambayo ningempa mtu anayetaka kuelewa mila.

Rebirth ni hadithi nyingine. Mwaka 1983, wanafunzi wa shule ya sekondari ya Joseph S. Clark mtaa wa Tremé, ndugu wawili Philip Frazier wa susafoni na Keith Frazier wa ngoma kubwa, na mwenzao Kermit Ruffins wa tarumbeta. Walikuwa wanapigia watalii mtaani kwenye French Quarter, sehemu ya zamani ya mji, wapate hela. Hawa walikuta Dirty Dozen washafungua mlango, hawakuwa na haja ya kuthibitisha kwamba wanajua bibopu, wao walileta fanki na redio na kelele za vijana. Wimbo wa Rebirth mara nyingi unaanza na susafoni peke yake, Philip anatoa laini fupi ya kunata, ngoma zinaingia, tromboni zinaingia, halafu tarumbeta juu, na kuna mahali wanaacha kupuliza wanaimba kiitikio na watu wote wanaitika. Ukikaa kwenye kiti unajiona umekosea.

Ukilinganisha ufundi wa mmoja mmoja Dirty Dozen wako juu, kwa maoni yangu hilo halina ubishi. Rebirth noti zinakwaruza, wakati mwingine tarumbeta inapanda mpaka inakaribia kupasuka. Lakini wameshikana. Ndugu wawili, mmoja besi mmoja ngoma kubwa, wamelala nyumba moja wamekula sahani moja, ile biti huwezi kuifundisha. Udhaifu wao kwa mtu wa kusikiliza nyumbani ni kwamba nyimbo nyingi zinakaa kwenye laini moja muda mrefu, barabarani hilo ni jambo zuri maana watu wanatembea, sebuleni unaweza kuchoka. Kwa hiyo anza na Feel Like Funkin' It Up ya 1989, Kermit akiwa bado yupo (aliondoka miaka ya mwanzo ya 90), au ile Rebirth of New Orleans ya 2011 ambayo imerekodiwa safi zaidi na iliwapa Grammy mwaka 2012, kundi la tuzo lililokuwa linatolewa kwa mara ya kwanza. Na tafuta video za Jumanne pale Maple Leaf, baa ya mtaa wa Oak walikopiga kila wiki miaka na miaka, chumba kidogo, watu wamebanana, paa liko chini, hapo ndo utajua kwa nini albamu haitoshi.

Hot 8 ni wa 1995, bendi mbili za vijana wa shule zimeungana chini ya Bennie Pete, mpiga susafoni, mtu mkubwa wa mwili na mpole. Hao wamekulia kwenye hiphop, haikuwa kitu cha kukaribisha kutoka nje. Biti yao ni nzito na imechelewa kidogo, sauti za kuimba ni za kundi zima kama watu wa mtaani wanaoimba pamoja, na maneno yanasema mambo ya mtaa wao wazi wazi. Kampuni ya muziki ya Brighton Uingereza, Tru Thoughts, ikawachukua, ndo maana Ulaya kuna watu wengi waliwajua Hot 8 kwenye disko kabla hawajajua sekondi laini ni nini.

Lakini Hot 8 huwezi kuizungumzia bila vifo vyake, na mi nataka uvijue kabla hujabonyeza pleya kwa sababu vinabadilisha unachosikia. Mpiga tromboni wao Joseph Williams aliuawa kwa risasi za polisi 2004. Mwaka uliofuata, Agosti 29, kimbunga Katrina kikapiga, maji yakajaa mji na bendi ikatawanyika miji mbalimbali. Mwaka 2006 mpiga tarumbeta Terrell Batiste akapoteza miguu yote miwili kwenye ajali ya barabarani, akarudi kupiga. Desemba 28 mwaka huo huo Dinerral Shavers, mpiga snea na mwalimu aliyekuwa anaanzisha bendi ya shule, akapigwa risasi akiwa kwenye gari na familia yake, risasi haikulengwa kwake. Januari 2007 maelfu ya watu waliandamana mpaka ofisi za jiji kudai mauaji yakome, na kifo cha Dinerral ni moja ya sababu. Bennie Pete mwenyewe amefariki Septemba 2021 akiwa na miaka 45. Bendi bado inapiga. Tombstone, albamu yao ya 2013, ni ya kuwakumbuka waliotangulia, na ukiisikiliza ukijua haya majina unaelewa kwa nini tarumbeta zinacheka na kulia kwenye wimbo mmoja, ni ile ile kazi ya msiba waliyoirithi, isipokuwa safari hii wanaozikwa ni rika lao.

Kuna njia rahisi ya kuwaweka Dirty Dozen na Hot 8 ubavu kwa ubavu, nayo ni nyimbo za Marvin Gaye, mwimbaji wa soul. Dirty Dozen mwaka 2006, mwaka mmoja baada ya Katrina, walichukua albamu nzima ya What's Going On wakaipiga upya, na wageni kama rapa Chuck D, wakaifunga kwenye hasira ya mji ulioachwa uzame. Imepangwa kwa akili, kila chombo na mahali pake, unasikia watu wazima wenye miaka karibu thelathini kazini. Hot 8 wakachukua wimbo wa mapenzi wa Marvin Gaye, Sexual Healing, wakaufanya wa barabarani, ngoma mbele, susafoni inauvuta wimbo mzima, watu wanaimba. Mmoja anakuuliza swali mwingine anakushika mkono mtembee. Sikiliza zote mbili siku moja, ukimaliza utajua wewe ni wa upande gani bila kuambiwa na mtu, na mimi naegemea Hot 8 ingawa najua mafundi wengi watabisha.

Treme Brass Band sasa. Hii ndo ya Benny Jones yule yule. Dirty Dozen walipoanza kusafiri sana dunia nzima yeye akabaki nyumbani, akaunda bendi ya kupiga misiba na maandamano ya mtaani kwake kwa namna ya wazee: suti nyeusi, shati jeupe, tai, kofia yenye jina la bendi, mwendo wa kutembea siyo wa kukimbia. Mwaka 2006 walipewa tuzo ya taifa ya Marekani ya urithi wa utamaduni. Mpiga ngoma kubwa wao wa miaka mingi alikuwa Lionel Batiste, mtaa mzima walimwita Anko Lionel, mtanashati kupita kiasi, saa yake aliivaa kwenye vidole badala ya kifundo cha mkono, na alipofariki Julai 2012 watu walipokwenda kumuaga walimkuta amesimamishwa, amevaa suti yake, ameegemea nguzo ya taa na ngoma yake iko pembeni. Mji huo hauchezi na misiba.

Muziki wao unaweza kukuudhi ukitoka kwa Rebirth, utaona uko taratibu. Vumilia nyimbo mbili. Usikilize ngoma kubwa, usisikilize tarumbeta, maana ile nafasi kati ya pigo na pigo ndo Rebirth na Hot 8 wote wanaipigia juu yake kwa kasi, na ukishaisikia hapa taratibu unaanza kuisikia kule pia. Gimme My Money Back ya 1995 inatosha.

Na hapo ndo naona wengi wanakosea kuchagua kwa kusema "nataka ya kienyeji" au "nataka ya kisasa". Mtu mmoja, Benny Jones, alianzisha bendi iliyobadilisha kila kitu halafu akaongoza bendi inayotunza kila kitu, na kwake haikuwa kujipinga, ilikuwa mtaa ule ule na misiba ile ile. Kwa hiyo chagua kwa kazi unayotaka muziki ukufanyie. Unapika, unasafisha nyumba, una wageni: Rebirth. Uko kwenye basi safari ndefu unataka kufuatilia: Dirty Dozen. Umefiwa, nasema kwa dhati kabisa, weka Funeral for a Friend uiache iende mpaka mwisho, usiikate katikati maana sehemu ya furaha ndo ya mwisho.

Neno moja kwa wapigaji, maana najua wapo vijana wa matarumbeta Dar na Arusha, na wenzetu wa fanfare za Kikimbangu kule Kongo, wanaotaka kuiga. Msiige Dirty Dozen kwanza. Zile nyimbo zinataka wapulizaji wanaosoma muziki na wenye miaka mingi ya mazoezi, mtaumia na harusi zitawakosa. Igeni Rebirth: tarumbeta mbili, tromboni mbili, saksofoni ya tena moja, susafoni, ngoma kubwa na snea, watu wanane, mnaenea kwenye gari moja la wazi. Chukueni wimbo ambao kila mtu harusini anaujua, wa taarabu au bongo fleva au wa kanisani, mpeni mpiga susafoni laini yake fupi ya kuanzia na asiiache mpaka mwisho. Kama hamna susafoni, tuba au hata yufonia itasukuma siku, ila tromboni isipewe kazi ya besi, haina uzito huo na mtabaki bila sauti ya katikati. Na ngoma zigawanywe watu wawili, hapo msikubali ushauri wa mtu anayesema mmoja anatosha.